Kumtazama Mpinzani: Maandalizi au Ujasusi?

Huwa nasaidia kufundisha timu ya wavulana ya mpira wa wavu katika shule moja ya sekondari hapa Kampala. Kabla ya mechi kubwa, kazi yangu ni kwenda na daftari kuitazama timu tutakayokutana nayo ikicheza na wengine. Msimu huu mchezaji wetu mmoja aliniuliza, "Kochi, hilo si tajassus?" Swali lake lina uzito. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana mahali pamoja, na daftari langu linapita karibu na yote matatu.

Kwanza nieleze ninachoandika. Katika mpira wa wavu wachezaji sita huzunguka nafasi kila wanapompokonya mpinzani haki ya kuanzisha mpira. Seta, yaani yule anayewapangia wenzake mpira wa kupiga, akiwa mstari wa mbele hubaki wapigaji wawili tu wavuni. Akiwa nyuma wanakuwa watatu. Kwa hiyo naandika ni mzunguko upi unaowapa shida, nani hupokea vibaya mpira ulioanzishwa kwa nguvu, seta humtafuta nani pointi zikifika 22 kwa 22, na mpigaji wao wa kushoto hupenda kupiga mshazari au kunyoosha kandokando ya mstari.

Hayo yote yamefanywa mbele ya watu. Kiswahili chetu kinatofautisha kutazama na kuchungulia, na tofauti hiyo inatosha kujibu nusu ya swali. Anayecheza katika ukumbi wa Lugogo, majukwaa yakiwa na mashabiki, ametukaribisha tumtazame. Aliyefunga lango ili afanye mazoezi na wenzake hajatukaribisha. Sisi tuliofundishwa kupiga hodi na kurudi tusipoitikiwa, hatuhitaji kanuni za mashindano kutueleza hilo.

Wengine wamelazimika kuelezwa. Januari 2019 mfanyakazi wa Leeds United ya Uingereza alikutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby County. Kocha Marcelo Bielsa hakukana. Alisema ndivyo alivyofanya kwa wapinzani wake wote. Klabu ilitozwa faini ya pauni 200,000, na baadaye ligi ikaweka kanuni ya kuzuia kutazama mazoezi ya mpinzani ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, timu ya soka ya wanawake ya Kanada ilibainika kurusha droni juu ya mazoezi ya New Zealand. FIFA iliikata pointi 6 na kumfungia kocha wake mwaka mmoja.

Wapo watakaosema kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma Hudhayfa bin al-Yaman kuingia kambi ya maadui usiku, katika vita vya Khandaq. Ni kweli. Lakini kambi ile ilikuja kuwaangamiza watu wa Madina. Vijana walio upande wa pili wa wavu wamekuja kucheza, na jioni watapanda teksi zilezile tunazopanda sisi. Ruhusa ya vita haihamishiwi kwenye mchezo kwa sababu tu tumezoea kuita mechi "vita".

Mpaka hapo jambo ni jepesi: cha wazi tazama, cha kufungwa acha. Ugumu unaanza jukwaani. Ukikaa kati ya mashabiki wa timu nyingine kwa seti tatu, utasikia mengi bila kuuliza. Utasikia kwamba seta wao alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo na amerejea juzi tu, au kwamba mzuiaji wao mrefu hukasirika ukimtaja mama yake. Hukuchungulia dirishani. Maneno yamesemwa kwa sauti, mahali pa wazi. Je, yaandikwe?

Nasema hapana, na hapa ndipo naona kuwa uwazi peke yake si kipimo cha kutosha. Kusengenya si lazima kuwe na uongo. Ni kumtaja mwenzako kwa jambo analochukia kutajwa nalo, hata likiwa kweli. Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, alitaja sababu sita zinazoruhusu kutaja aibu ya mtu, na zote zinahusu haja ya haki, kama kumshtaki aliyekudhulumu au kumpa nasaha anayetaka ushauri. Haja huruhusu kwa kiasi chake tu. Mpokeaji wetu anahitaji kujua mpira utatokea upande gani. Habari ya karo haimsaidii kuupokea. Inamsaidia kumuumiza mwenzake kwa maneno.

Kuna jambo gumu zaidi: goti lililofungwa bandeji. Hilo halikusimuliwa, linaonekana, na linabadilisha mchezo. Mimi huandika, "Namba fulani anachelewa kusogea mbele," nami huwaambia vijana waanzishe mpira mfupi upande wake. Siwaambii, "Lipigeni goti lake." Mtu anaweza kusema mpira ni uleule na mateso ni yaleyale. Mpira ni uleule, nakubali, na kocha wake ndiye aliyeamua anafaa kucheza. Lakini matendo hupimwa kwa nia. Kijana aliyefundishwa kutafuta nafasi tupu atafurahi mpira ukianguka sakafuni. Aliyefundishwa kutafuta goti atafurahi mwenzake akianguka. Mwenzake akitolewa nje kwa machela, wa kwanza atakwenda kumpa pole, na wa pili ataona kazi imekamilika.

Hao ni wavulana wa miaka 16 na 17. Wengi hawatacheza mpira wa wavu wakimaliza shule, lakini wataendelea kuwatazama watu: washindani wao wa biashara, majirani, wachumba wa dada zao. Ninachowasomea kutoka kwenye daftari kabla ya mechi kinawazoesha namna ya kumtazama mtu mnayeshindana naye. Nikiwafundisha kwamba kila udhaifu wa binadamu ni silaha, pointi 25 za seti moja hazitafidia.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitumwa kuitazama timu nyingine, nenda, kaa mahali unapoonekana, na ukiulizwa unatoka wapi useme. Andika unachoweza kumsomea mchezaji yule yule uliyemwandika, akiwa amesimama mbele yako, bila kuinamisha macho. Yaliyobaki yaache palepale jukwaani. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.