Simu ya Mkononi na Jirani Asiye Nayo

Mtu atokapo nyumbani siku hizi hujigusa mfukoni kwanza. Zamani alitafuta ufunguo wake, au fedha za nauli. Leo atafuta simu. Akiona ameisahau hurudi, hata kama amekwisha kufika barabarani. Babu zetu hawakuijua kabisa, nayo sasa yahesabiwa pamoja na nguo na jembe. Basi twataka kuuliza maswali mawili. Kitu hugeukaje kuwa cha lazima? Na kikiisha kuwa cha lazima, yatupasa nini kwa jirani asiye nacho?

Kwanza tuitazame njia iliyojia simu. Jina lenyewe ni la zamani kwetu: lilikuwa jina la waya, na la habari zipitazo katika waya. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na habari zilizosafiri majuma mengi kwa meli zikapata kufika upesi. Lakini simu ile ilikuwa chombo cha serikali na cha wafanya biashara wakubwa. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper, fundi wa kampuni ya Motorola, alisimama katika njia ya mji wa New York akazungumza kwa simu aliyoishika mkononi. Simu ya namna ile ilipoanza kuuzwa, miaka kama kumi baadaye, bei yake ilikuwa dola 3,995, nayo iliweza kuzungumza nusu saa tu kabla ya kutaka umeme tena. Mwaka 1994 iliuzwa simu ya kampuni ya IBM iitwayo Simon, yenye kioo cha kuguswa, na ndani yake kalenda na mahali pa kuandika. Lakini haikudumu sokoni. Mwaka 2007 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alionyesha iPhone, na mwaka 2008 ikaja simu ya kwanza ya Android. Hizi ndizo zilizofungua njia kwa simu janja zilizojaa mikononi mwetu leo, ambazo nyingi ni za bei ndogo kutoka China.

Lakini kwetu Afrika Mashariki haja haikuanza kwa kioo. Katika mwaka ule ule wa 2007, mwezi wa Machi, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kabla ya hapo, kijana wa mjini aliyetaka kumpelekea mama yake fedha kijijini alimkabidhi dereva wa basi, au msafiri wa kabila lake, akakaa kwa mashaka hata apate habari kwamba zimefika. Sasa mama azipata saa ile ile, naye azipokea kwa simu ndogo ya vitufe iitwayo kitochi. Neno hili ni jema, wala hatutaki mtu alidharau.

Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyoifanya simu. Ilikuja kama mgeni wa kupeleka salamu. Tukaipa jembe, ikawa mfuko wa fedha. Tukaipa kazi ya saa, na ya taa, na ya kamera, na ya posta, na ya gazeti. Wengine wetu tumetia humo Biblia na kitabu cha nyimbo. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuandikisha laini za simu kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizoandikishwa zikaanza kufungwa. Hivyo namba ya simu imekuwa kama jina la pili la mtu. Mgeni amekwisha kushika funguo za nyumba.

Hata hivyo, wingi wa kazi haukifanyi kitu kuwa cha lazima. Kisu kina kazi nyingi, lakini mtu aweza kwenda safari bila kisu. Twaona kwamba kitu huwa cha lazima siku ile watu wafungapo njia nyingine. Maadamu matokeo ya mtihani yalibandikwa ukutani shuleni, kijana asiye na simu aliyasoma pamoja na wenziwe. Leo hutangazwa kwa intaneti, na maombi ya mkopo wa chuo kikuu hupelekwa kwa njia hiyo hiyo; asiye na simu janja hana budi kumwomba mwenye nayo, au kumlipa mtu wa duka. Kwa hiyo lazima hii haikutoka mbinguni, wala haikutoka kiwandani. Sisi wenyewe tumeifanya, kidogo kidogo, kila tulipopanga jambo kana kwamba watu wote wanayo.

Tuseme sasa habari za karibu. Katika sharika nyingi kengele ni chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa mtini. Kikigongwa, kila aliye karibu asikia, mwenye saa na asiye na saa, ajuaye kusoma na asiyejua. Siku hizi katika mitaa mingi pana kundi la WhatsApp. Humo hutangazwa mkutano, na mchango, na ugonjwa, na msiba. Ni upesi, na gharama yake ni ndogo kwao walio ndani. Tuseme basi pana mjane mwenye kitochi tu. Mkutano wa akina mama umehamishwa kutoka Jumatano hata Alhamisi. Yeye afika Jumatano, aukuta mlango umefungwa. Rafiki yake wa ujana augua, watu waenda kumtazama. Yeye asikia siku ya tatu. Hakuna aliyemchukia. Hakuna hata aliyekusudia kumwacha. Lakini ameachwa, na pengine wengine watanena kwamba amepoa, hahudhurii tena.

Mtu atasema: Mtumai cha nduguye hufa maskini, basi na anunue yake. Twajibu hivi. Gharama ya simu janja si bei ya dukani tu. Pana vifurushi kila juma. Pana kuitia umeme dukani kwa malipo, kama nyumba haina umeme. Pana kioo kivunjikapo. Pana macho yasiyoona maandiko madogo, na mzee ambaye hakupata kufundishwa kusoma. Tena, aliyeihamisha njia ya kijiji ndiye awiwaye kuwaonyesha vipofu njia mpya. Hawezi kuwaambia, Nunueni macho.

Pana jambo lingine lililofichika zaidi. Simu ni kitu cha mtu mwenyewe kuliko karibu vitu vyake vyote: ina fedha zake, na maneno yake na watoto wake, na habari za ugonjwa wake. Sasa yeye asiyejua kuitumia hana budi kumpa mwingine namba yake ya siri, awe mjukuu, awe jirani, awe wakala wa fedha. Kwa hivyo unyonge wake ni mara mbili: ana haja ya msaada, na msaada wenyewe wamfunua. Mjukuu akitoa shilingi elfu mbili, bibi atajuaje? Jirani akisoma barua ya mwana wake, nani atamzuia? Kwa hiyo kuishika simu ya mtu mwingine ni amana, kama kushika ufunguo wa sanduku lake. Nao wamsaidiao bibi kwa uaminifu, wakamsomea salio lake kwa sauti ya chini wala wasilitangaze barazani, hao wafanya kazi ya heshima, ingawa hakuna aionaye.

Mwingine atasema: Basi tuzitupe simu, turudie ya kale. La. Muuguzi wa zahanati ahitaji kuita gari usiku. Mkulima ahitaji kujua bei ya mahindi kabla ya kukodi lori. Baba aliye mbali ahitaji kuwaona watoto wake. Anayemnyima jirani faida hizi kwa ajili ya kupenda ya kale hamtendei mema. Wala hatuwezi kuwaamuru wakubwa wa nchi na wa kampuni jinsi ya kupanga mambo yao. Lakini mambo ya mtaa wetu twayapanga sisi, na hapo hatuna udhuru.

Basi, ninyi walimu na wazee wa usharika, yafaa tushike mambo matatu. La kwanza, tusiufunge mlango wa kale mpaka tujue kwamba wote wamekwisha kupita katika mlango mpya: tangazo lililowekwa katika kundi na lisomwe pia kanisani, na kubandikwa ubaoni. La pili, kila mtaa na uwe na orodha ya wasio na simu janja, na karibu na kila jina liandikwe jina la mtu atakayempelekea habari kwa miguu. Maana neno lililo la watu wote halina wa kulibeba. La tatu, vijana wafundishwe kwamba namba ya siri ya mzee ni siri kweli kweli, naye aitumiaye kwa faida yake ameiba, hata kama ni fedha kidogo, hata kama ni mjukuu.

Kazi hii si kubwa. Orodha ya namna hii katika mtaa mmoja labda haitazidi majina kumi, na kupeleka habari ni mwendo wa robo saa. Tukitaka kujua kama tumepanga vema, tusiwaulize walio katika kundi, maana wao watasema yote ni mazuri. Twende kwa yule mjane, tumwulize alisikiaje habari za msiba uliopita, na ni nani aliyemwambia.