Je, Yatupasa Kuimaliza Kazi ya Marehemu?

Watu wote hukubali kwamba deni la marehemu hulipwa. Siku ya kuondoa matanga mzee wa ukoo husimama mbele ya watu, akauliza kama yupo mtu aliyemdai marehemu, ajitokeze aseme. Hapo hapana ubishi. Lakini liko jambo jingine lisilotajwa matangani, nalo laweza kuisumbua nyumba kwa miaka mingi: kazi ambayo marehemu aliianza asiimalize. Je, hiyo nayo ni deni? Na ikiwa ni deni, mdai ni nani, maadamu mwenyewe amekwisha kufa?

Leo twataka kulichungua swali hilo kwa mfano mdogo sana, yaani mfarishi wa viraka. Pengine wako wasomaji watakaocheka wakiona ukurasa huu umejaa matambara. Wacheke kwanza, kisha waende wakatazame ndani ya sanduku la mama yao.

Mfarishi wa viraka hushonwa hivi. Khanga zilizochakaa, vitenge, mashati na sare za shule hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, navyo huunganishwa kwa sindano mpaka vikawa nguo moja pana. Chini huwekwa bitana ya merikani au kaniki, katikati hutandazwa pamba au sufi, kisha tabaka zote tatu hupigwa bandi, hushonwa, na kukunjwa pindo. Ni kazi ya jioni nyingi. Wilaya ya Kilosa haikukosa vifaa vyake, kwani pamba imelimwa huko tangu zamani, na kituo cha utafiti cha Ilonga kilijulikana kwa kazi ya zao hilo. Wala mtu asidhani kwamba kuunga vipande ni aibu ya maskini. Khanga yenyewe, yasimuliwa, ilianza hivyo katika karne ya 19: wanawake wa pwani walinunua leso zilizouzwa kwa jora, wakazikata sita sita, wakaziunganisha tatu juu na tatu chini. Ndiyo sababu wengine huiita khanga leso hata sasa.

Basi, tuseme yuko bibi mmoja wa Kilosa aliyeanza mfarishi wa namna hiyo. Hatusimulii habari za mtu fulani. Twaweka mfano tu, ingawa huenda wengi wakauona kuwa ni wa kwao. Bibi huyo alishona nusu, macho yakamwishia, akaikunja kazi yake na sindano imechomekwa ndani, akaitia sandukuni. Akafa. Sanduku likaokolewa katika mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, wakati maelfu ya watu wa Kilosa walipopoteza makao. Likabebwa kichwani pamoja na masufuria, kisha likasahauliwa tena. Sasa wajukuu wake wawili wamelifungua. Mkubwa akaa Kilosa katika nyumba ya ukoo. Mdogo apika chakula na kuuza huko Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, wapitapo madereva wa malori na wageni waendao kutazama wanyama.

Mkubwa asema, “Mdogo wangu, tusiiguse. Huu ndio mkono wa bibi.” Mdogo ajibu, “Dada, mkono wa bibi utaliwa na nondo. Tumalizie, tuuze kwa wageni, mtoto apate karo.” Nani kati yao asema kweli?

Tuanze na mkubwa. Maneno yake si ya kudharauliwa. Sindano ile iliyochomekwa yaonyesha mahali hasa ambapo bibi alikoma, na mtu akiitazama ni kama amemkuta angali ameketi. Lakini yatupasa kuuliza: bibi alikuwa akitengeneza nini? Hakutengeneza ukumbusho wake mwenyewe. Alitengeneza kitu cha kumstiri mtu kwa baridi. Anayekihifadhi sandukuni kwa heshima, kisitumiwe kamwe, amemheshimu bibi lakini ameyapuuza makusudi ya bibi. Heshima ya namna hiyo ni nyepesi, kwa kuwa haimdai mtu hata uzi mmoja.

Tumwendee mdogo. Wako watakaomhukumu upesi kwamba ana tamaa. Hasha! Karo, madaftari na viatu si tamaa. Ikiwa kweli mtoto atakaa nyumbani kwa kukosa fedha hizo, basi na uuzwe, kwani mtoto aliye hai hutangulia nguo. Bibi aliyeikata khanga yake ya zamani ili kipande chake kifae tena asingeshindwa kulifahamu jambo hilo. Hata hivyo twaweka masharti mawili. La kwanza, mfarishi si mali ya mmoja. Kwa Wakaguru, kama kwa Waluguru, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na kitu cha bibi huwahusu mabinti na wajukuu wake. Basi wakubaliane, asiuze mmoja kwa siri. La pili, mnunuzi asidanganywe. Nguo iliyoshonwa nusu na bibi, nusu na mjukuu, isiuzwe kwa jina la bibi pekee eti kwa sababu wageni hupenda vitu vya kale. Huo ni wizi wa fedha ya mgeni, na tena ni wizi wa jina la marehemu.

Sasa tumefika kwenye kiini cha shauri letu: kumaliza. Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani ahadi na kazi. Kama bibi alitamka mbele ya watu, “Mfarishi huu ni wa mjukuu wangu fulani,” basi iko ahadi, na mdai yuko hai. Si bibi anayedai tena. Ni mjukuu yule aliyeahidiwa. Anayelirithi sanduku huirithi ahadi iliyomo, kama vile anayerithi shamba hurithi mipaka yake na njia ya majirani ipitayo humo. Hawezi kusema, “Vipande ni vyangu, ahadi ni ya marehemu.” Ama aushone, ama amtafute wa kuushona, ama ampe mwenyewe kama ulivyo.

Lakini kama bibi hakutamka neno, hapana deni. Twalisema hili waziwazi kwa ajili ya watu wenye dhamiri nyepesi kuumia, ambao huishi wakidhani kila kitu walichokiacha wazee ni mzigo juu ya mabega yao: nyumba iliyoishia madirishani, shamba lililofyekwa nusu, kisima kilichoachwa kabla ya kufika majini. La! Wazee nao walianza mambo mengine kwa kujaribu tu, na mengine waliyaacha kwa busara. Aliye na watoto wadogo na jembe la kushika kutwa halazimiki kukesha na sindano. Akimaliza, amefanya upendo; asipomaliza, hakumkosea mtu.

Tuseme basi wajukuu hao wameamua kumaliza, kwa ahadi au kwa upendo. Wamalizeje? Vishawishi viko viwili. Cha kwanza ni kufumua. Wataona mishono ya bibi imepinda, hasa ile ya mwishoni alipokuwa akishona kwa kupapasa, nao watatamani kuitoa na kuirudia vizuri. Cha pili ni kuiga, yaani kushona kwa kupindapinda makusudi ili pasijulikane mkono wa bibi ulipoishia. Wa kwanza amfuta bibi, wa pili ajifuta mwenyewe.

Liko kanisa kuu huko Ujerumani, katika mji wa Köln, linaloweza kutufundisha. Msingi wake uliwekwa mwaka 1248. Katika karne ya 16 kazi ilisimama, na kanisa likakaa bila minara yake kwa muda upatao miaka 300. Mchoro wa kale wa uso wa kanisa hilo ulikuwa umepotea, ukapatikana vipande viwili, kimoja mwaka 1814 na cha pili mwaka 1816. Ujenzi ukaanza tena mwaka 1842, ukamalizika mwaka 1880. Waliomaliza walifuata mchoro wa wazee, wakakiendeleza walichokikuta. Lakini paa walilibebesha juu ya vyuma, kazi ya mafundi wa zamani zao, wasijisingizie kuwa watu wa mwaka 1248. Makusudi yalikuwa ya waliotangulia, mikono na vyombo vikawa vya waliofuata.

Vivyo hivyo kwa mfarishi wetu. Mpango wa viraka vya bibi ufuatwe, mishono yake iachwe ilivyo, isipokuwa pale ambapo uzi umeoza na nguo yatatuka. Mjukuu wa Mikumi akiwa na cherehani, ashone kwa cherehani bila haya. Na viraka vipya vitoke katika nguo za watu wa siku hizi: sare ya mtoto aliyemaliza darasa la saba, kitenge cha shangazi, shati la baba lililokwisha kola. Mahali mkono ulipobadilika pataonekana. Na paonekane. Mtoto akiuliza, “Mama, mbona huku mishono ni mikubwa?” atajibiwa, “Hapo bibi alikuwa haoni vizuri, na kutoka hapa niliendelea mimi.” Maneno hayo machache yatamfundisha mtoto habari za ukoo wake kuliko picha iliyotundikwa ukutani.

Neno la mwisho twawaambia wazee wenyewe, kwa heshima. Shida hii nyingi hutokana na kimya chenu. Mwenye kazi mkononi na aseme angali hai ni ya nani, na kama haifai kuendelezwa aseme vilevile, ili asiwaachie watoto mashaka. Tena amwite binti mmoja, au mvulana, aketi karibu naye, amwonyeshe namna ya kupiga bandi na kukunja pindo. Wako vijana wengi ambao leo wangefungua sanduku kama lile wakashindwa kuendelea, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna aliyewafundisha kushika sindano.