Anayejitegemea Anamtegemea Nani?

Mwanamke wa Nairobi akisema "simtegemei mtu", mara nyingi kauli hiyo imemgharimu. Analipa kodi ya nyumba kwa mshahara wake, kiwanja kimeandikwa jina lake, na mtoto akiugua usiku hana haja ya kumpigia mtu simu kuomba nauli. Mama yake huenda hakuyapata hayo, na nyanya yake hakuyaota. Kwa hiyo anayetaka kuichunguza kauli hiyo aichunguze kwa heshima, maana wengi wanaoipinga hutaka tu kumrudisha mwanamke chini ya kivuli cha mume.

Hata hivyo kauli yenyewe si kweli. Hakuna binadamu asiyemtegemea mtu. Tulizaliwa tukiwa hatuwezi hata kuinua shingo, na wengi wetu tutakufa tukilishwa na mkono wa mwingine. Swali ni hili: ikiwa kila mtu anahitaji watu, mwanamke anayedai kujitegemea anadai nini hasa?

Jibu moja lilitolewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970. Masharti ya ajira ya wakati huo yalimpa mhadhiri mwanamume nyumba au posho ya nyumba. Mwanamke aliyeolewa alinyimwa, kwa hoja kwamba mumewe ndiye wa kumpa makao. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu hapo mwaka 1971, na mwenzake wa biokemia, Vertistine Mbaya, waliyapinga masharti hayo kwa muda mrefu. Hawakuwa wakisema hawahitaji waume wala jamaa. Walikataa mtu wa tatu, yaani mwajiri, awachagulie wa kumtegemea kisha awakate haki zao kwa kisingizio hicho. Tena walikataa wakiwa wawili. Mtu mmoja peke yake angeonekana mkorofi tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtumwa hatofautiani na mtu huru kwa kuwa na mahitaji. Wote wawili wana njaa na upweke. Wanatofautiana kwa kuwa mmoja wao hawezi kumkataa yule anayemtegemea. Mwanamke mwenye mlango mmoja tu wa kubisha hodi atavumilia lolote nyuma ya mlango huo. Mwenye milango kumi anaweza kuondoka, na kwa sababu hiyo anaweza pia kubaki kwa hiari.

Wahenga walisema mtu ni watu. John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia aliyezaliwa Kitui, aliliweka wazo la namna hiyo katikati ya kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika: kwamba nafsi ya mtu husimama juu ya jamii yake. Ni wazo zito na lina ukweli mwingi. Lakini mwanamke ana haki ya kuuliza: watu gani? Nani aliyewaweka, na nani anasema kwa niaba yao?

Swali hilo lilifika mahakamani Nairobi. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, mwanamke aliyewahi kushiriki harakati za Mau Mau, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong, akieleza kuwa ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikotoka baba yake. Kesi ilivuta nchi nzima. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeeleza mila na imani za Waluo. Ni mara chache falsafa imeitwa kizimbani namna hiyo, na mwili ukiwa bado haujazikwa.

Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, ikishikilia kuwa Otieno, kwa kuzaliwa Mluo, alibaki chini ya mila za Kiluo kuhusu maziko. Alizikwa Nyalgunga Mei 23, miezi mitano baada ya kufa. Wambui hakwenda.

Wapo waliosoma hukumu ile kama ushindi wa jamii dhidi ya ubinafsi wa mjini. Usomaji huo unamdhulumu mjane. Wambui hakuwa akitetea upweke. Alikuwa akitetea kifungo cha ndoa iliyoanza mwaka 1963, pamoja na nyumba na watoto waliokwisha kulelewa. Mahakama ilipima kifungo cha damu na kifungo cha hiari, na cha hiari kikaonekana chepesi. Tena mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 67, Wambui aliolewa tena, na mwanamume aliyekuwa mdogo wake kwa miongo kadhaa. Watu walimsema sana. Lakini mwanamke aliyepambana na ukoo mzima alikuwa bado anataka mwenzi, na hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Haupo.

Wangari naye alipita njia ya aina hiyo. Ndoa yake ilivunjwa mahakamani mwaka 1979. Alipomkosoa jaji hadharani alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akatoka baada ya siku tatu. Kwa macho ya wengi alikuwa amebaki peke yake, hana mume na ana watoto watatu. Ila miaka miwili kabla ya talaka hiyo, mwaka 1977, alikuwa ameanzisha Green Belt Movement chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na ndani yake wanawake wa vijijini waliotesha miche na kuipanda walikuwa wanaongezeka. Huyo aliyeitwa mpweke alikuwa na watu wengi kuliko waliomhurumia.

Kisha tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, walipiga kambi Uhuru Park wakagoma kula. Wangari alikuwa nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya wazee wale wakavua nguo mbele ya askari vijana, laana ambayo kila askari aliielewa. Baada ya hapo walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache kutoka bustani hiyo, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 wafungwa wengi walikuwa wameachiliwa. Kilichowasukuma akina mama hawa barabarani kilikuwa uhitaji mtupu: walihitaji watoto wao. Uhitaji huo ndio uliowapa ujasiri ambao wanasiasa wengi wa siku zile hawakuwa nao.

Nje ya historia kubwa, chama cha wanawake cha kuchangiana fedha kinafundisha jambo hilohilo kila mwezi. Tangu vikundi vya mabati, ambapo wanawake wa Kenya ya kati walichangiana kuezeka nyumba zao, hadi vyama vya leo vinavyonunua viwanja, utaratibu haujabadilika sana: kila mmoja ana zamu, deni liko kwenye daftari, na anayetaka kutoka anatoka. Chama kina ukali wake. Anayeshindwa kulipa huaibishwa, na wakati mwingine vyombo vyake hubebwa. Lakini ndani yake hakuna anayetoa tu wala anayepokea tu.

Sheria nayo imeanza kuelewa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, katika kueleza mchango wa mwanandoa, inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi za shamba, na hata kule kuwa mwenzi kwa mwenzako. Bunge lilikiri kwamba kukaa na mtu, kumsikiliza na kumtunza ni mchango wa kuhesabiwa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake. Ugumu uko hapo, kwa kuwa aliyepika ugali kwa miaka ishirini hana risiti.

Na yupo ambaye hata sheria hiyo haimfikii. Asubuhi za siku za kazi wanawake hutoka Kibera kwa miguu wakaingia Jamhuri, Woodley na Kilimani, wengine wakaketi kando ya barabara wakingoja kuitwa. Wanaitwa mama fua, jina la kazi likishika nafasi ya jina lao. Mwanamke wa ghorofani anayejitegemea anafika ofisini mapema kwa sababu mwingine anafua, anadeki na kumbeba mtoto wake. Huyo naye amemwacha wake kwa jirani anayelea watoto kwa malipo ya siku. Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay amelishikilia jambo hili kwa miaka mingi: anayemtunza asiyejiweza naye anahitaji wa kumtunza, na jamii isiyomtunza mtunzaji imekosa haki hata ikijiita ya usawa.

Basi kujitegemea kwa mwanamke wa Nairobi kupimwe pia kwa hali ya wanawake wanaomwezesha. Kama uhuru wake unahitaji mwanamke mwingine asiyeweza kukataa, asiyelipwa siku anayougua na asiyejulikana jina, basi minyororo imehamishwa tu kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Pa kuanzia papo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na dada aliyeajiriwa nyumbani ni mfanyakazi sawa na aliyeajiriwa benki. Wewe uliyeitumia likizo hiyo ulipojifungua, mpe na yeye yake.