Tawakali na Tairi Linaloteleza Kwenye Rimu

Tairi na rimu ni vitu viwili vinavyotakiwa kuzunguka kama kimoja. Injini huzungusha ekseli, ekseli huzungusha rimu, na rimu hulizungusha tairi. Katika gari la kawaida kinachoviunganisha ni upepo: hewa iliyojazwa husukuma midomo ya tairi, yenye waya za chuma ndani yake, ikabana kwenye kingo za rimu, na msuguano ukazuia kuteleza. Katika mbio za dragi, yaani mashindano ya magari mawili kwenye njia fupi iliyonyooka, ambayo yana wapenzi wengi Marekani, nguvu hiyo haitoshi. Madereva hupunguza upepo wa matairi ya nyuma, mara nyingi hadi chini ya psi 15, ili mpira utandae na kuuma barabara vizuri. Lakini upepo unaopunguzwa ndio uliokuwa ukilibana tairi kwenye rimu. Kadiri tairi linavyoishika barabara, ndivyo rimu inavyoshindwa kulishika tairi.

Hatari hiyo inalipa sura ya wazi swali la siku nyingi katika dini: je, anayechukua kila tahadhari amepungukiwa tawakali? Na anayeiacha tahadhari kwa kumtegemea Mungu, ameitimiza?

Tahadhari zenyewe zinajulikana. Ya kwanza ni usafi: maji ya sabuni yanayotumika kuliingiza tairi yawe kidogo na yaachwe yakauke, na mafuta yafutwe kabisa. Ya pili ni kuchonga mikwaruzo midogo mahali mdomo wa tairi unapokaa, ili chuma kiushike mpira. Ya tatu ni skrubu zinazopenya ukingo wa rimu na kuingia kwenye mdomo wa tairi. Ya nne, iliyo imara kuliko zote, ni pete ya chuma inayofungwa kwa bolti kuzunguka rimu na kuubana mdomo wa tairi katikati. Baada ya yote hayo, fundi huchora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu. Gari likirudi, huinama kuutazama. Mstari ukiwa umekatika, kipande cha rimu kimetangulia kile cha tairi, basi tairi limeteleza hata kama dereva hakuhisi chochote. Madhara yake ni gurudumu kupoteza usawa na kutetemeka katika kasi kubwa, na kama tairi lina tyubu, valvu inaweza kung'oka na upepo kutoka mara moja.

Katika Uislamu, msingi wa jibu ni hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Aliagizwa kufanya yote mawili: amfunge, kisha atawakali. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipanua jambo hili katika kitabu cha tawakali ndani ya Ihyau Ulumuddin, akazigawa sababu katika daraja tatu. Zipo za yakini, kama mkono unaopeleka chakula kinywani. Mwenye njaa anayekataa kuunyoosha mkono hana tawakali, ana wazimu. Zipo za dhana yenye nguvu, kama masurufu ya msafiri wa jangwani, ambazo kwa kawaida huleta matokeo lakini si lazima. Na zipo za kuwaziwa tu, ambazo kuzitegemea ndiko kunakoiharibu tawakali.

Daraja hizo zinaingia gereji bila kulazimishwa. Kuweka tairi la ukubwa unaolingana na rimu ni jambo la yakini, na hakuna imani inayoruhusu kuliacha. Skrubu, mikwaruzo na pete ni za dhana yenye nguvu: huzuia kuteleza mara nyingi, ila bolti hulegea na mpira huchanika. Hirizi iliyofungwa kwenye usukani ili gari lisipate ajali iko katika daraja la tatu.

Ukristo umefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika Injili, Ibilisi anamtaka Yesu ajitupe kutoka kwenye kinara cha hekalu ili malaika wamdake, naye anakataa kwa kuwa huko ni kumjaribu Mungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alieleza katika Summa Theologiae kwamba mtu humjaribu Mungu pale anapoweza kujisaidia lakini akajiingiza hatarini pasipo sababu, ili aone kama ataokolewa. Kwa kipimo hicho, dereva anayeondoka na bolti zilizolegea huku akiomba ulinzi amemwekea Mungu mtihani.

Pingamizi moja linastahili jibu. Ghazali huyohuyo alifundisha katika Tahafutul Falasifa kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake, bali Mungu huumba kuungua pale viwili hivyo vinapokutana. Ikiwa ni hivyo, skrubu nayo haizuii chochote, na kuikaza ni kazi bure. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alijibu kwamba anayekana sababu ameikana elimu yenyewe, maana kujua kitu ni kujua sababu zake. Lakini hata bila kumfuata Ibn Rushd pingamizi halisimami, kwa kuwa Ghazali alikiri kwamba Mungu ameuendesha ulimwengu kwa desturi aliyoipanga. Fundi anayeifuata desturi hiyo anautii mpango wa Muumba. Wanafalsafa hao wawili walitofautiana juu ya kinachotenda ndani ya skrubu, wala tofauti hiyo haimpi yeyote ruhusa ya kuiacha.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba kilichofungwa kimekwisha kuwa salama. Tarehe 14 Julai 2003, katika mbio za baiskeli za Tour de France, Mhispania Joseba Beloki alikuwa wa pili katika msimamo wa jumla alipokuwa akiteremka kuelekea mji wa Gap, lami ikiwa imelainika kwa joto. Gurudumu la nyuma liliteleza, tairi likatoka kwenye rimu, naye akaanguka akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Lance Armstrong, aliyekuwa nyuma yake, alikwepa kwa kukata shambani na kurudi barabarani mzima. Barabara ilikuwa moja na joto moja, lakini mmoja alikwenda hospitali na mwingine akaendelea na mbio. Hapo, baada ya mkono wa mtu kufika mwisho wake, ndipo mahali halisi pa tawakali. Haihusu kazi ya kufunga. Inahusu matokeo ambayo kufunga hakuyamiliki.

Linabaki swali la nani mwenye haki ya kutawakali, na juu ya nini. Ghazali alimwachia nafasi mtu mwenye imani imara na subira kuacha baadhi ya sababu za dhana, lakini akamtofautisha mwenye familia: huyo hawezi kuacha kutafuta riziki na kuwabebesha watoto njaa kwa jina la tawakali yake. Sharti hilo linaamua suala la tairi. Dereva hayuko peke yake njiani. Kuna mpinzani kando yake na watazamaji pembeni. Fundi hayumo garini kabisa, na maisha anayoyashika si yake. Mtu anaweza kuyakabidhi kwa Mungu matokeo ya jambo lake mwenyewe, lakini hawezi kutawakali kwa niaba ya mwingine ambaye hakumwomba afanye hivyo. Kwa fundi, kukaza bolti na kuukagua mstari wa chaki ni amana anayodaiwa na mtu mwingine, na uchamungu wake hauwezi kulilipa deni hilo kama kazi haikufanyika.