Picha ya Simba Isipelekwe Laminesheni

Keti, mjukuu wangu. Magoti yamenisumbua tangu asubuhi na sauti yangu haifiki mbali siku hizi, lakini hili siliachi lipite. Hiyo picha uliyoitoa chini ya sanduku la bati, katikati ya karatasi za bonasi ya chai na vyeti vya ubatizo, usiipeleke saiba kufanyiwa laminesheni. Najua nia yako ni njema. Umeiona imepinda pembe, ina madoa, ukataka kuikinga. Ile mashine lakini hufanya kazi kwa moto na gundi, na picha ya zamani haivumilii kimojawapo.

Picha za wakati wetu, zile zisizo na rangi, zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa jeletini, na jeletini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Humo ndimo zilimo chembe za fedha zinazoonyesha sura. Ikipata joto na unyevu hulainika, ikilowa huvimba na kunata, na ukungu huila kwa sababu kwake hicho ni chakula. Plastiki ikishagandishwa juu yake, ukija kuibandua utambandua na mbwa wetu Simba mwenyewe.

Na hapa Litein unyevu hautafutwi. Mvua hii inayostawisha majani chai ndiyo inayoozesha picha zetu. Kericho hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, nao ukungu hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65. Utaingia nyumba ya watu ukute picha ya harusi imegandamana na kioo cha fremu. Ukiikuta hivyo usiivute, mwanangu. Ipige picha hapohapo, juu ya kioo chake.

Jana uliniuliza, kogo, mbwa tu? Ndiyo, mbwa. Mpiga picha alikuja siku ya soko, na kila picha ililipiwa. Hakuna mzazi aliyetoa pesa ili mbwa apigwe picha. Mbwa alikuwa wa nje, alilala chini ya ghala, usiku akifukuza nungunungu kwenye mahindi, mchana akienda na ng'ombe. Simba yumo kwa kuwa alikataa kumwacha kaka yangu, na mpiga picha alichoka kumfukuza. Tazama vizuri: sote tumekakamaa katika nguo za kanisani tukitazama kamera. Kaka peke yake anamtazama mbwa. Sina picha yake nyingine ya utotoni.

Kule Nairobi, katika lile jengo la zamani la Bank of India kwenye Moi Avenue, serikali inatunza Nyaraka za Kitaifa, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Nenda siku moja, unufaike. Utakuta ripoti za wilaya walizoandika maDC, na vitu vya thamani alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Simba hutamkuta. Hakuna karani aliyepewa kazi ya kumwandika, na mimi kumbukumbu zinanitoka.

Kwa hiyo fanya pole pole. Nawa mikono, ikauke kabisa. Shika picha pembeni, usiguse uso wake, usiifute kwa kitambaa kilicholowa. Ukienda saiba, waambie waiskani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, nawe usimame hapo mpaka wakurudishie. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itapunguzwa ubora. Ukitaka simu iitie rangi, cheza na nakala. Rangi hizo simu inazikisia tu, haikumwona Simba. Hii yenyewe itie kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, si mfuko wa plastiki, uiweke kabatini chumba cha kati, mbali na ukuta unaovuja.

Kabla ya yote, leta penseli laini. Kalamu ya wino hupenya ikachafua upande wa pili. Laza picha mezani juu ya karatasi safi, uandike nyuma, pembeni, bila kukandamiza: Simba, Litein, na majina ya watoto kuanzia kushoto. Wanne nitakutajia sasa hivi. Huyo wa mwisho mwenye kofia simkumbuki, ila babu yako mdogo aliyeko Bomet anamjua. Mpigie leo, kabla hajalala.