Kuhesabu Watu

Mezani kwangu pana kipande cha shaba, kidogo kama sarafu, chenye tundu na namba. Kilitoka katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales. Nilipewa na mwalimu mwenzangu wa huko aliyefundisha chuoni kwetu. Yeye alivikusanya kama wengine wakusanyavyo stempu.

Alinieleza matumizi yake. Mchimbaji alikabidhi kipande katika chumba cha taa, akapewa taa, akashuka. Alipopanda alirudisha taa na kuchukua kipande chake. Kipande kilichobaki msumarini kilimaanisha kuwa mwenyewe bado yuko chini. Ukikumbuka mlipuko wa Senghenydd, Oktoba 1913, uliowaua wachimbaji 439, utaelewa kwa nini hesabu ile ilihitajika.

Kulikuwa na vipande vya aina nyingine. Katika migodi ya West Virginia, Marekani, kampuni za makaa zilitoa sarafu zao zenyewe. Mchimbaji aliyeishiwa kabla ya siku ya mshahara alipewa hizo, akanunua unga katika duka la kampuni kwa bei iliyopangwa na mwajiri yuleyule, na deni likakatwa katika ujira wake. Uingereza ilikwisha kukataza malipo ya namna hiyo migodini kwa sheria ya mwaka 1831.

Je, kumpa mtu namba ni kumdhalilisha? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mtu si mali. Kipande kimoja kilihesabu deni lake, kingine kilimfanya mtu aliye juu aulize, "Fulani yuko wapi?"

Mimi niliamini daftari langu la mahudhurio ni la aina hii ya pili. Muhula mmoja mwanachuo hakuitika jina lake siku tano mfululizo. Kila asubuhi niliona alama ya utoro, nikageuza ukurasa. Mwishowe nikawaandikia wazazi barua ya onyo. Baba yake akaja mwenyewe, barua mkononi.

"Mkuu, mimi nilikukabidhi mtoto. Yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulimkuta hospitali ya wilaya, amelazwa na homa, hana ndugu wa kumletea uji. Alipona. Mzee yule hakunilaumu tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo nashika neno moja: ukishakubali kuwahesabu watu, umekubali pia kuondoka kitini na kumtafuta anayepungua. Kipande changu nimekitundika msumarini, mahali ninapokiona.