Ezra Aliipima Fedha ya Mfalme



Somo letu ni Ezra 8:21-34. Naomba kila nyumba ilisome lote kabla ya kuendelea, na wenye Biblia wawasomee majirani wasio nayo.

Mama mmoja aliyeimba katika kwaya yetu, ambaye sasa familia yake imepokelewa Australia, alinipigia simu. Baada ya kuulizia habari za watu wote, akatoa shida yake. "Mchungaji, shuleni kwa watoto kuna mchungaji anayelipwa kwa fedha ya serikali, lakini hahubiri! Asubuhi anawapa watoto chai na mkate, anacheza nao mpira, anakaa na wale wanaolia. Nilipomwomba awafundishe wanangu Neno, akasema haruhusiwi. Je, huyu ni mtumishi wa Mungu au amemkana?"

Wengi wenu mnasubiri safari kama hiyo, kwa hiyo namjibu mbele yenu wote.

Mpango huo ulitangazwa na waziri mkuu John Howard mwaka 2006, ukaanza kazi mwaka 2007. Shule iliyoomba iliweza kupata hadi dola 20,000 za Australia kwa mwaka. Sharti lilikuwa wazi: mchungaji wa shule awasaidie watoto wote, wala asimvute mtoto aingie katika dini yake. Na wengi wao hawajawekewa mikono kama wachungaji wa kanisa. Ni Wakristo waliofunzwa kusikiliza.

Baba mmoja, Ron Williams, aliyekuwa na watoto katika shule ya serikali ya Darling Heights mjini Toowoomba, hakukubali. Aliipeleka serikali Mahakama Kuu ya nchi. Mwezi wa Juni 2012 alishinda. Msidhani mahakama ilimfukuza Mungu shuleni. Majaji walikataa hoja yake kwamba malipo yale yalivunja kifungu cha dini katika katiba. Kosa walilolikuta ni kwamba serikali ya taifa ilitoa fedha ile bila mamlaka ya sheria. Bunge likatunga sheria kwa haraka mwezi uleule. Williams akarudi mahakamani, na Juni 2014 majaji wakasema hata sheria hiyo haitoshi kuyafunika malipo hayo. Ndipo fedha ikaanza kupitia kwa serikali za majimbo.

Kuna wakati shule ziliruhusiwa kuchagua mfanyakazi asiye wa dini, kisha mwaka 2014 serikali ya Tony Abbott ikaiondoa nafasi hiyo. Tangu mwaka 2023 shule zimerudishiwa uchaguzi. Mimi naona hilo ni haki, nami nasema hivyo nikiwa mchungaji.

Sasa turudi kwa Ezra. Mfalme Artashasta hakuwa wa imani ya Ezra, lakini alitoa fedha na dhahabu kwa ajili ya nyumba ya Mungu, na Ezra akapokea kwa shukrani. Walipofika mto Ahava, njia ikiwa na maadui, Ezra aliona aibu kumwomba mfalme huyohuyo askari, maana alikuwa amekwisha kumshuhudia kwamba Mungu huwalinda wamtafutao. Wakafunga wakaomba. Miaka ya baadaye Nehemia alisafiri na askari wa mfalme (Nehemia 2:9), wala Maandiko hayamlaumu. Basi anayesema kila fedha ya serikali ni haramu, na amsome Nehemia. Anayesema kila fedha ni baraka, na amsome Ezra.

Ila tazameni alichofanya na fedha aliyoipokea. Aliipima mikononi mwa makuhani kumi na wawili. Walipofika Yerusalemu ikapimwa tena, na uzito wote ukaandikwa. Ilitolewa kwa kazi fulani, ikafika kwenye kazi hiyo.

Mimi sikufanya hivyo. Miaka iliyopita shirika moja, nisilitaje, liliniomba nikae na watoto wa shule waliotoka vitani, kwa posho kidogo. Nilitia sahihi kwamba sitahubiri. Wiki ya tatu nikawapanga watoto na kuwaongoza sala ya toba, nikajiona shujaa wa imani. Jioni baba mmoja Mwislamu alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Alisema mwanawe ameacha kula, maana anafikiri mama yake aliyeuawa yuko motoni. Ndugu zangu, nilikuwa nimekula posho ya kumtuliza mtoto yule.

Kwa hiyo, mama yetu, huyo kijana anayegawa mkate hajamkana Bwana. Anaipima fedha ya mfalme sawasawa. Dhamiri yake ikimsumbua, na airudishe, lakini asiile kwa hila kama nilivyofanya. Kodi inayomlipa hutolewa na Wakristo, Waislamu na wasioamini kitu. Sala ya jioni na kufundisha watoto Neno ni kazi yako na ya baba yao, na ya kanisa mtakalojiunga nalo huko. Usiwaachie walipa kodi wa Australia.

Na sisi hapa? Hatuna dola 20,000. Tuna watoto wanaoamka usiku wakipiga kelele, na darasani mwalimu mmoja hawezi kuwajua wote kwa majina.

Mwalimu mkuu amekubali tukae na watoto chini ya mwembe ulio nyuma ya shule, Jumanne na Alhamisi, saa ya mapumziko. Nimezungumza na imamu wa bloku ya pili, naye ataleta akina mama wawili. Posho haipo. Anayetaka kusaidia ampe katibu wa kanisa jina lake kabla ya Ijumaa, akijua kwamba mtoto haulizwi anasali wapi.